Kabla Hamjalifunika Jua, Semeni Nani Atalipa

Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira, Mabadiliko ya Tabianchi na Misitu, na kwa wajumbe wote wanaoketi kwa niaba ya Kenya katika Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa, Gigiri

Mheshimiwa Waziri, waheshimiwa wajumbe,

Nawaandikia kutoka Liboi, mji wa mwisho wa Kenya kwa mtu anayetoka Garissa kupitia Dadaab akielekea Somalia. Mbele yetu ni mpaka, na ng'ambo ya mpaka ni Dhobley. Wengi wenu jina letu mmelisikia kwenye taarifa za usalama, au kwenye habari za wakimbizi walioanza kumiminika hapa mwaka 1991. Leo siandiki kuhusu hayo. Naandika kuhusu jua, na kuhusu watu wanaotaka kulipunguza makali.

Mwishoni mwa Februari 2024, dunia ilipokutana Gigiri kwa kikao cha sita cha Baraza, Uswisi iliweka mezani pendekezo la kuunda jopo la wataalamu wa kuchunguza mbinu za kurudisha miale ya jua angani ili dunia ipoe. Nchi za Afrika hazikulikubali jinsi lilivyokuja. Zilitaka dunia iseme kwanza kwamba mbinu hizo hazitatumika, na mwafaka ulipokosekana Uswisi ikaliondoa pendekezo lake. Hiyo ilikuwa mara ya pili. Machi 2019, papo hapo Gigiri, pendekezo la Uswisi lilikwama baada ya Marekani na Saudi Arabia kulipinga. Mara mbili basi, jambo linalogusa mvua ya kila kiumbe limejadiliwa na kuachwa likining'inia katika mji mkuu wa nchi yetu, na sisi tunaoishi kwa mvua hiyo hatukuulizwa neno.

Kwa wengine watakaoisoma barua hii, nieleze kinachozungumzwa. Juni 1991 mlima Pinatubo wa Ufilipino ulilipuka na kurusha juu salfa dioksidi isiyopungua tani milioni 15. Gesi hiyo ilipofika kwenye stratosfia, tabaka lililo juu ya mawingu ambako hakuna mvua ya kuiosha, iligeuka kuwa vitone vidogo mno vya asidi, vikaizunguka dunia na kuuzuia mwanga kidogo. Mwaka uliofuata dunia nzima ilipoa kwa takribani nusu digrii. Hapo wataalamu wakajiuliza: kama mlima umeweza, ndege zitashindwaje? Wazo lenyewe lilikuwepo, ila wengi waliona haya kulitamka. Mwaka 2006 Paul Crutzen, aliyepata Nobel kwa kazi yake juu ya ozoni, aliandika makala akisema lichunguzwe, na tangu hapo haya zimepungua. Kinachonitisha zaidi si ugumu wa kazi hiyo bali urahisi wake. Wake Smith na Gernot Wagner walipopiga hesabu mwaka 2018, walipata kwamba dola bilioni mbili na kitu kwa mwaka zingetosha kuiendesha kwa miaka 15 ya mwanzo. Fedha hizo nchi moja inazo. Hata tajiri mmoja anazo.

Msinielewe vibaya. Mtu wa Liboi hahitaji kufundishwa joto ni nini, wala hana sababu ya kulitetea. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya maana. Deyr, mvua yetu ya vuli, haikunyesha; gu, mvua yetu ya masika, haikunyesha; deyr ya pili ikawa mawingu matupu, na jilaal, kiangazi kilichofuata, ikamaliza kilichobaki. Katika kaunti kame za Kenya walikufa mifugo zaidi ya milioni mbili. Kando ya barabara ya Dadaab mizoga ilikuwa mingi kiasi kwamba fisi walichagua. Aprili 2023, wanasayansi wa World Weather Attribution walisema joto lililoletwa na binadamu liliufanya ukame ule uwe na uwezekano wa kutokea mara 100 zaidi, kwa uchache. Kisha mwisho wa mwaka huo huo ikaja El Niño, na Aprili 2024 mafuriko yakakata barabara ya Garissa pale Mororo, watu wakawa wanavuka kwa mashua, na mashua moja ikapinduka na roho zikapotea. Kwa hiyo anayesema ana dawa ya joto, tunamsikiliza. Tunamsikiliza kuliko mtu wa Zürich anavyoweza kumsikiliza.

Lakini sisi hatuli ubaridi. Tunaishi kwa mvua, na mvua haifuati joto peke yake.

Mnajua nyinyi, maana mna Idara ya Hali ya Hewa na mna kituo cha hali ya hewa cha kanda, ICPAC, pale Ngong, kwamba ukanda wa mvua wa tropiki hulifuata jua. Hupanda kaskazini na kushuka kusini, na katika safari hiyo hutupitia mara mbili: ukipanda tunapata gu, ukishuka tunapata deyr. Ukanda huo huvutwa na nusu ya dunia iliyo na joto zaidi. Ukiipoza nusu ya kaskazini peke yake, ukanda unasukumwa kusini. Hilo si la kubuni. Mwaka 2013 Jim Haywood na wenzake wa Uingereza walionyesha kwamba katika karne ya 20 na mwanzo wa hii, kati ya majira manne makavu kupita yote huko Saheli, matatu yalitanguliwa na milipuko mikubwa ya volkeno za kaskazini, ikiwemo Katmai ya Alaska mwaka 1912 na El Chichón ya Mexico mwaka 1982. Walipoigiza kwenye kompyuta kumwaga vitone hivyo upande wa kaskazini tu, Saheli ilikauka. Walipovimwaga kusini tu, Saheli ilipata mvua zaidi. Ukungu ni ule ule, ila mahali ulipomwagwa ndipo palipoamua nani ale na nani alale njaa. Na ukienda nyuma zaidi, volkeno ya Laki ya Iceland ilipolipuka mwaka 1783, mto Nile ulipungua na Misri ikaingia njaa. Mkulima wa Misri wa wakati ule hakuwa amewahi kusikia kwamba kuna nchi inaitwa Iceland.

Wenye mradi watajibu kwamba hawatamwaga upande mmoja, watagawa sawa kaskazini na kusini. Sawa. Ila hapo ndipo sisi wa mashariki ya Afrika tunaingia kwenye giza la aina yetu. Mvua yetu inategemea ukanda huo na inategemea pia Bahari ya Hindi: maji yakiwa ya moto upande wetu na baridi upande wa Indonesia, tunafurika, yakigeuka, tunakauka. Upepo wa Pasifiki nao una mkono wake. Na kuna jambo ambalo wataalamu wenyewe huliita kitendawili cha Afrika Mashariki: kwa miaka mingi kompyuta zao zimekuwa zikitabiri kwamba mvua za masika katika eneo letu zitaongezeka dunia ikipata joto, na kwa miaka hiyo hiyo mvua za masika zimekuwa zikipungua. Nasema hivi bila dharau kwa kazi yao, ambayo ni ngumu. Lakini kompyuta iliyoshindwa kuisoma gu ya jana ndiyo hiyo hiyo tunayoambiwa itatuhakikishia gu ya kesho chini ya anga lililotiwa dawa.

Wala msidhani kwamba kompyuta ikisema mvua itaongezeka basi Liboi itapiga vigelegele. Mwisho wa 2006 mvua ilinyesha kupita kiasi, mabonde yakatuama maji, mbu wakaanguliwa, na homa ya Bonde la Ufa ikazuka hapa hapa Garissa. Nchini Kenya walikufa watu zaidi ya 150. Masoko ya mifugo yalifungwa, nyama ikawa haramu kwa amri ya daktari, na familia zenye mbuzi 200 zikawa hazina shilingi ya unga. Mvua nzuri kwetu ni ile inayokuja wakati wake, kwa kiasi chake, ikaacha nyasi ikaondoka. Hiyo ndiyo inayotaka kuchezewa.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe lililonifanya niandike.

Lori likimgonga ngamia kati ya Dadaab na Liboi, kazi huanza siku hiyo hiyo. Simu zinapigwa. Wazee wa pande mbili wanakutana chini ya mti, chai ya maziwa inaletwa, na maswali yanaanza, tena bila haraka. Ngamia ni wa nani, na chapa yake ya moto ni ya ukoo gani? Alikuwa na mchungaji au aliachwa azurure? Dereva alikuwa kwenye mwendo gani, na taa zilikuwa zinawaka? Aliyekufa ni dume la mizigo, ni mtamba, au ni jike anayenyonyesha? Akiwa jike anayenyonyesha, ndama naye anaingia kwenye hesabu, maana huenda asiishi. Mtoto aliyekuwa machungani anaitwa aseme alichokiona, na mzee mmoja lazima atamkatiza, na mwingine lazima atamwambia amwache amalize. Bei inafikiwa, mwenye lori analipa, ukoo wake unamsaidia akishindwa, na wiki inayofuata wote wawili wanaonana sokoni. Serikali ya wakoloni iliukuta utaratibu huu, serikali ya Jamhuri imeuacha uendelee, na umezuia damu nyingi kumwagika kuliko doria yoyote.

Mwaka 2001, baada ya miaka ya ujambazi na mapigano ya malisho, wazee na viongozi wa kaunti hizi zetu, wakati ule wilaya, waliyaandika mambo haya wakayatia saini. Ndilo Azimio la Modogashe, ambalo limepitiwa upya baadaye. Humo imeandikwa kwamba anayetaka kupeleka mifugo kwenye malisho ya wenzake aombe kwanza ruhusa ya wazee na machifu wa huko. Wakimkubalia, anaingia kwa masharti yao. Akivunja masharti, anaondoka. Na damu ikimwagika, fidia imetajwa. Waheshimiwa, watu mnaowasoma kwenye ripoti kama wafugaji wa kuhamahama wasio na utaratibu wana waraka unaokataza kuingia hata kwenye nyasi za jirani bila hodi. Kwa anga la dunia nzima hakuna waraka kama huo.

Utaratibu wetu wote umesimama juu ya jambo moja: aliyegonga anajulikana. Na hilo ndilo litakalokosekana siku ndege zitakapoanza kumwaga salfa.

Hebu tuchukue mwaka mmoja wa kufikirika. Ndege zimeruka miaka mitatu. Dunia imepoa kidogo, magazeti ya Ulaya yanasifu. Deyr ya Liboi haikunyesha, na gu iliyofuata haikunyesha. Ngamia wamekufa. Tunakuja kwenu na chapa zao na majina ya wenye mali. Nanyi mnakwenda kwa nchi iliyorusha ndege, na nchi hiyo inajibu kwa adabu kubwa kwamba ukame si mgeni kwenu, mlikuwa nao 2011, mlikuwa nao 2017, mlikuwa nao 2022, nani amewaambia huu ni wetu? Na haitaongopa. Sayansi inaweza kusema kwamba jambo fulani limeongeza uwezekano wa ukame mara kadhaa, lakini haiwezi kumnyooshea kidole aliyeua ngamia wa mtu fulani msimu fulani. Jibu hilo hilo watapewa walioona mafuriko, na walioharibikiwa mpunga India, na kila mtu mwenye malalamiko. Kila msiba wa hali ya hewa utakuwa na mshukiwa na hakuna utakaokuwa na mshtakiwa. Kwa watu waliozoea kwamba mali ya mtu ikiharibiwa kuna anayeulizwa, hali hiyo ni mbaya kuliko ukame wenyewe. Ukame wa Mungu tunauombea dua. Ukame wa kutiliwa shaka tutaugombania, na Liboi ina mpaka, ina bunduki ng'ambo, na ina historia.

Hata bima itachanganyikiwa. Mwaka 2015 serikali yenu ilianzisha mpango wa bima ya mifugo katika kaunti kame, na kabla yake kampuni ya Takaful ilikuwa imeshaanza kulipa wafugaji wa Wajir kwa njia inayokubaliwa na sharia. Bima hizi hazihesabu mizoga. Setilaiti husoma ukijani wa malisho kutoka juu, ukijani huo ukalinganishwa na wa miaka iliyopita, na ukishuka chini ya kiwango pesa hulipwa. Ni ubunifu mzuri, nausifu ingawa wengi wetu bado tunaulalamikia. Ila El Chichón na Pinatubo zilipotia ukungu angani, usomaji wa ukijani wa setilaiti za wakati ule uliharibika, na watafiti wakalazimika kuzisahihisha takwimu. Setilaiti za leo ni bora zaidi, nakubali. Lakini ukibadilisha jua lenyewe na mvua yenyewe, miaka iliyopita inaacha kuwa kipimo cha mwaka huu. Hapo kampuni ya bima italipa kwa kulinganisha na anga ambalo halipo tena.

Kuna na hili la kutoweza kuacha. Vitone vya salfa hukaa juu mwaka mmoja au miwili vikaanguka, kwa hiyo lazima vimwagwe upya kila mwaka. Hewa ya ukaa inayotoka kwenye magari na viwanda hukaa karne kwa karne. Wakati jua limefunikwa hewa hiyo inaendelea kurundikana chini ya kifuniko. Siku kifuniko kikiondolewa, kwa vita, kwa uchaguzi, kwa upungufu wa fedha, joto lote lililozuiwa linarudi kwa miaka michache, kwa kasi ambayo nyasi, wadudu na wanyama hawajawahi kuiona. Mtaniambia nchi kubwa haziwezi kuwa na uzembe huo. Njooni Dadaab basi, ni mwendo wa saa kadhaa tu kutoka kwetu kwa gari. Kambi ile imeishi zaidi ya miaka 30 kwa ahadi za nchi kubwa hizo hizo, na mwaka 2025 wafadhili walipopunguza fedha, mgao wa chakula ulikatwa mbele ya watoto waliozaliwa humo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, bajeti ilibadilika tu. Mtu aliyeiona Dadaab hatakubali mvua yake iwekwe kwenye bajeti ya mwaka ya nchi nyingine.

Madhara mengine nitayapitia haraka, si kwamba ni madogo bali kwa sababu wenzenu wa kisayansi wanayajua kuliko mimi. Salfa huko juu husaidia kuila ozoni, ngao ambayo dunia imeifanyia kazi tangu Mkataba wa Montreal wa 1987 ili ipone. Bahari itaendelea kuwa na asidi, kwa kuwa hewa ya ukaa haijaondolewa, na matumbawe ya Kiunga na Lamu hayatajua kwamba kuna mtu alipoza anga. Mbingu ya mchana itapauka. Na mwanga wa jua unaofika chini utapungua kiasi na kutawanyika, nasi tumeanza tu kuutegemea: mtambo wa sola wa Garissa, wa megawati 50 na kitu, ulizinduliwa Desemba 2019, na visima kadhaa vya upande huu sasa vinavuta maji kwa sola badala ya dizeli. Maji hayo ya chini ya ardhi, yale ya Merti, yanaanzia huko Isiolo na kuja mpaka kwetu kabla ya kuvuka Somalia, kwa hiyo hata kisima cha Liboi kina deni kwa mvua isiyonyesha Liboi. Ndiyo maana hatuwezi kutuliza moyo kwa kuambiwa eneo letu moja halitaguswa.

Nimesema kana kwamba yote haya ni ya kesho. Mengine yameshaanza. Mwaka 2022 kampuni ndogo ya Kimarekani, Make Sunsets, ilirusha maputo yenye salfa kutoka Baja California nchini Mexico, huku ikiuza hati za upoezaji kwenye mtandao, kwa gramu. Serikali ya Mexico ilipopata habari, Januari 2023 ilitangaza kwamba itapiga marufuku majaribio hayo. Angalieni mpangilio: waliruka kwanza, serikali ikajua baadaye. Na Mexico ni nchi yenye uwezo. Kati ya Liboi na Mandera ni nani angeliona puto?

Ninaowapenda zaidi katika habari hii yote ni wafugaji wenzetu wa kaskazini ya dunia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikusudia kurusha puto lao kutoka Kiruna, Uswidi, katikati ya 2021. Safari ya kwanza haikuwa hata na unga wa kumwaga, ilikuwa ya kujaribu mitambo tu. Baraza la Wasaami, watu wanaochunga reindia, mnyama wa jamii ya kulungu, kwenye baridi kali kama sisi tunavyochunga ngamia kwenye jua kali, liliandika barua Februari mwaka huo kwamba halikuulizwa na halikubali. Machi jaribio likaahirishwa, na Machi 2024 Harvard ikaufunga mradi kabisa. Wasaami hawakuwa na maabara. Walikuwa na barua, na walioandikiwa waliona haya kuipuuza. Mimi barua ninayo.

Nitawapa pia haki yao wanaofikiri tofauti nami, tena Waafrika. Mwaka 2020 Romaric Odoulami na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cape Town walichapisha utafiti wa kompyuta ulioonyesha kwamba kumwaga salfa kungeweza kupunguza kwa hadi asilimia 90 uwezekano wa ukame kama ule uliokaribia kuifungia Cape Town mifereji ya maji mwaka 2018. Siwezi kuudharau. Lakini mvua ya Cape Town ni ya majira ya baridi, inaletwa na pepo za magharibi. Ya kwetu ni nyingine kabisa. Kinachoiokoa Cape Town kinaweza kuimaliza Liboi, na kinyume chake. Ndiyo maana nasema hesabu zifanywe, zifanywe na wetu, kwenye kompyuta za Ngong na katika vyuo vyetu, kwa fedha ambazo mtoaji wake hana hisa katika ndege. Kujua hakuhitaji kurusha kitu angani. Nina wasiwasi na wanaosema lazima warushe kidogo ili wajue, halafu warushe zaidi ili wajue zaidi.

Kwa hiyo nawaomba haya.

Agosti 2023, mawaziri wa mazingira wa Afrika walipokutana Addis Ababa, waliitaka dunia iingie mkataba wa kutotumia mbinu za kupunguza miale ya jua. Kenya ilikuwa ndani. Simameni hapo. Najua Gigiri ni mahali pa kubadilishana: unga mkono letu la plastiki, tutaunga lako la jua. Hili msilibadilishe na kitu.

Andikeni katika sheria zetu kwamba hakuna mtu, kampuni wala chuo kitakachorusha chochote kutoka ardhi ya Kenya kwa nia ya kupunguza jua. Mnaweza. Mwaka 2023 mlirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mkaweka masharti ya biashara ya kaboni, hata mkataja asilimia ambazo jamii yenye ardhi lazima ipate. Kama udongo wa mfugaji umepata kifungu, anga lake halikosi.

Na mtuulize. Si kwa tangazo la gazeti la Kiingereza lenye siku 14 za kutoa maoni, bali kwa kuja. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii zilianzishwa kinyume cha Katiba, wananchi wakiwa hawakushirikishwa ipasavyo, na mojawapo ilikuwa sehemu ya mradi mkubwa wa kuuza kaboni ya nyasi. Hukumu hiyo iliwahusu majirani zetu, na sisi huku tuliisoma kwa makini. Fanyeni vikao Garissa mjini, Dadaab na hapa Liboi, kwa Kiswahili na kwa Kisomali, na muwaalike wa Dhobley wavuke wasikilize, kwa kuwa wingu halionyeshi pasipoti. Msije katikati ya jilaal, hamtawakuta watu. Wako mbali na mifugo. Njooni baada ya gu, wiki za mwanzo, maziwa yakiwepo.

Mkija, leteni majibu ya maswali haya, yaliyoandikwa na kutiwa saini. Kenya ilisema nini hasa katika vyumba vya faragha Februari 2024? Nani anawashauri kuhusu jambo hili, na nani anamlipa? Na ikiwa siku moja nchi fulani itaruka bila kutuuliza, na gu ikakosa, wazee wa Liboi wakae na nani chini ya mti? Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa chifu, na wazee wameniagiza nisubiri jibu lenu, si la katibu wa katibu.

Wenu,
Mkazi wa Liboi, Kaunti ya Garissa